Wiki Mbili za Mama Rasoa

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, mwongozaji wa shughuli alinipa kipaza sauti akaninong'oneza niwe mfupi kwa sababu muda ulikuwa umetupita. Walionitangulia walikuwa wametumia asubuhi nzima kumsifu Mama Rasoa kwa uvumilivu. Mchungaji alisema hakuwahi kumwona akiharakisha. Jirani mmoja alisema Mama angeweza kungoja kitu mpaka kitu chenyewe kione aibu kije. Watu walicheka huku wakifuta machozi, nami nikasimama pale na gauni langu jeusi nikikasirika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameishi na uvumilivu huo ndani ya nyumba ya vyumba viwili Kitengela. Hakuna aliyekuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, gari la kazini likipiga honi barabarani, huku Mama akiendelea kuombea chai. Nilisema alikuwa mama mzuri, nikamshukuru Mungu, nikarudisha kipaza sauti. Nilichotaka kusema kilihitaji muda ambao hawakuwa nao, kwa hivyo nakiandika hapa.

Alikuja kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo mume wangu Enos alivyoniambia, na hivyo ndivyo Mama mwenyewe alivyoamini alipopanda basi kutoka kwao magharibi. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Siku ya harusi yetu alikuwa amenigusa uso kwa vidole, akasema nina mashavu, akatosheka na hayo. Enos alikuwa amesikia kwamba kuna kliniki ya misheni nje kidogo ya mji wa Kajiado, ambako daktari wa macho huja mara kwa mara kufanya upasuaji. Mama angekuja, apasuliwe, apumzike, arudi nyumbani kabla ya msimu wa kupanda. Nilikubali bila kinyongo. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, na wiki mbili mtu anaweza kuvumilia chochote. Mvua za kupanda zilikuja zikaenda, mahindi ya kwao yakapandwa na wengine na kuvunwa na wengine, na Mama alikuwa bado ameketi kwenye kiti changu, Kitengela, akingoja kuitwa.

Wakati huo nilikuwa karani katika kiwanda cha nguo Athi River, na nilikuwa nasomea uhasibu. Enos aliendesha lori la saruji na alilala nje ya nyumba siku nyingi kuliko alizolala ndani. Mimi nilikuwa nimeigawa siku yangu kama mtu anavyogawa kuku mmoja kwa wageni wengi, na hakukuwa na kipande cha ziada. Nyumba yetu ilikuwa katika ploti ya nyumba za safu moja, lango moja la mabati, bomba moja la maji ya kisima yenye chumvi ambayo Mama alikataa kabisa kuyapikia chai. Alisema chai ya maji yale inaonja kama machozi, kwa hivyo tukanunua maji kutoka kwa mwenye mkokoteni wa punda. Meza ilikuwa moja. Nilikula, nilipiga pasi, na nilisoma juu yake. Mama alipofika, meza hiyo ikawa ya chai. Thermosi lake jekundu lilisimama katikati tangu alfajiri, na vitabu vyangu vikaanza kuwa na duara za vikombe kwenye majalada.

Kila asubuhi ilikuwa vita ileile. Mama aliamka mapema, hilo siwezi kumnyima, lakini kuamka kwake mapema hakukusaidia kitu, kwa sababu alifanya kila jambo kana kwamba ndilo jambo la pekee litakalofanywa duniani siku hiyo. Alipapasa jiko mpaka akalipata. Alichemsha maziwa ya Mama Nashipae, jirani yetu Mmaasai aliyetuletea kila asubuhi, na kabla ya hapo walikuwa wamesalimiana kikamilifu, sopa, ipa, hali ya ng'ombe, hali ya watoto, hali ya nyasi, wawili hao ambao Kiswahili chao kilikutana katikati tu. Halafu aliomba. Aliwaombea wanawe wote kwa majina, ng'ombe wake, serikali, daktari wa Kajiado ambaye hatukuwa tumemwona, na mwishoni alimwombea dereva aliyekuwa akipiga honi barabarani, Bwana ampe subira.

"Mama, nitachelewa."

"Kaa chini, Njeri. Chai haikimbii."

"Chai haikimbii, lakini gari inakimbia."

"Basi iende. Ingine iko nyuma yake."

Mara nyingi hakukuwa na lingine. Nilitembea kwenye barabara kuu, udongo mweusi umeshika viatu mpaka vikawa vizito kama matofali, nikafika kiwandani nimechelewa, msimamizi wangu akiningoja tena langoni. Mama sikumwambia habari hizo. Niliguna tu. Niliweka kikombe mezani kwa kishindo. Niliamini mtu yeyote mwenye masikio angeelewa.

Safari za Kajiado nazo zilikuwa na desturi yake. Enos alimpeleka ya kwanza, na daktari hakuwa amefika. Ya pili daktari alikuwepo, lakini mashine yake ilikuwa imekataa. Ya tatu kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Mama mwenyewe, ambaye presha yake ilikuwa imepanda, wakamrudisha nyumbani na vidonge. Kila mara alirudi jioni, akavua viatu, akauliza kama kunde zimechambuliwa.

"Wamesema nini?" nilimuuliza.

"Bado."

"Hukuuliza kwa nini?"

"Niliuliza. Walisema bado."

"Bado mpaka lini?"

"Hawakusema lini, mwanangu. Walisema bado."

Nilienda nikasimama nyuma ya nyumba kati ya kamba za nguo ili nisimjibu vibaya. Ninaposikia leo watu wa kanisani wakizungumza juu ya kumngojea Bwana, wakiwa na nyuso laini, huwa nakumbuka kamba zile. Hakuna aliyeniambia kwamba kungoja kwa mtu mmoja hula muda wa mwingine. Mama alikuwa ametulia kama maji kwenye mtungi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiungua.

Halafu kulikuwa na Jumamosi. Kiwanda kilifunga mchana, na alasiri hiyo ndiyo iliyokuwa yangu ya kusoma, ya pekee. Ndiyo pia waliyoichagua akina mama wa kanisa kumtembelea mgonjwa. Mama Keziah, aliyekuwa mwenyekiti wao, alikuja na wenzake wanne au watano, wakajaa sebule, wakaimba, wakanywa chai ya mkokoteni, wakala viazi vitamu na mrenda, mboga ya kuteleza ya kwao, ambao Mama alikuwa amefurahi kupika tangu alipogundua kwamba magadi ya kuulainishia hutoka huku huku kwetu Kajiado. Mimi nilihamia chumbani na vitabu vyangu, nikaketi kitandani, na pazia tu likawa kati yetu. Jumapili moja mchungaji alikuwa amehubiri juu ya kuukomboa wakati, na Jumamosi iliyofuata akina mama hao walijadili mahubiri hayo kwa urefu hata jua likaanza kuzama. Nilimsikia Mama Keziah akiuliza, sauti yake haijapunguzwa hata kidogo, "Lakini huyu bibi ya Enos, ni nini anasomea na ameshaolewa?" Wengine wakacheka.  Nilisubiri jibu la Mama Rasoa nyuma ya pazia, kalamu mkononi, nikasikia akimimina chai.

Siku ya kliniki ya nne ilipotangazwa, Enos alikuwa mpakani na lori lake, na siku yenyewe ilikuwa ya karatasi yangu ya mwisho ya mtihani. Nilikuwa nimefanya nyingine zote. Nikikosa hiyo moja, ningengoja mpaka msimu mwingine wa mitihani, nusu mwaka mbele. Mama alisikia habari zote mbili jioni ileile, akatafuna kidogo, akasema jambo lile lilikuwa rahisi.

"Wewe enda mtihani. Mama Nashipae anapeleka mbuzi soko ya Kajiado, atanishika mkono."

"Mama Nashipae hajui kliniki."

"Anajua Kajiado. Mimi niko na mdomo."

"Na wakikupasua? Nani atakaa na wewe?"

"Mungu hana mtihani kesho."

Nilikataa. Tulibishana mpaka ugali ukapoa, nami nikashinda, kwa sababu nilikuwa na macho na yeye hakuwa nayo. Nikamwambia siwezi kumwacha mama mzee asiyeona aende kupasuliwa peke yake. Alianza kukusanya sahani, nami nikadhani amekubali.

Kliniki ilikuwa na korido moja ndefu iliyopakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni, mabenchi pande zote mbili, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu iliyochanganyika na vumbi lililopenya chini ya mlango. Wazee wa Kimaasai walikuwa wameketi wamejifunga shuka, fimbo katikati ya magoti, baadhi na bandeji jichoni. Mbuzi wa mtu fulani alichungulia mlangoni, akafukuzwa, akarudi. Mama alikaa wima na mkoba wake mapajani. Alisalimia kila mtu aliyepita kwa kusikia hatua zake. Mimi nilikaa kando yake nikijua, bila kuangalia saa, wakati wenzangu walipoambiwa wafungue karatasi, na wakati walipoambiwa waweke kalamu chini. Alasiri ilipokuwa imeshaanza kuchoka, muuguzi alitoka akasimama katikati ya korido, akatangaza kwamba pampu ya maji ilikuwa imeharibika, chumba cha upasuaji hakiwezi kutumika bila maji, na tungeitwa tena.

Nilisimama nikamwambia muuguzi yule maneno mengi. Nilimwambia kwamba watu hawa wametoka mbali tangu alfajiri, kwamba pampu haikuharibika dakika hiyo, kwamba angeweza kutuambia asubuhi. Wazee waliniangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia mtoto anayelia kanisani. Muuguzi alisema pole, dada. Hata leo nashikilia kwamba kuna mtu aliyepaswa kupiga kelele pale, na kama ni lazima awe mmoja, si vibaya kwamba nilikuwa mimi. Mama alinipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akasema twende tukale.

Tuliingia hoteli ndogo karibu na stendi, meza zenye kitambaa cha plastiki, redio ikihubiri. Aliagiza chapati na maharagwe. Aliomba kwa maneno machache, kisha akauweka mkono wake juu ya meza, kiganja chini.

"Leo umeniudhi, Njeri," akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno hilo kwa mtu yeyote. Hakupandisha sauti.

"Mimi kungoja ndio kazi Mungu amenipatia huu mwaka. Ni macho yangu, na kungoja ni kwangu. Wewe nani alikuambia ungoje? Wewe leo ilikuwa siku yako ya kwenda. Nilikuambia uende, ukakuja kuikalia hapa kando yangu."

"Nilikuja kwa sababu yako, Mama."

"Ulikuja kwa sababu ya Mama Keziah. Ati asiseme umeacha kipofu."

Maneno hayo yaliniingia, na kwa kuwa yaliniingia, niliyarudisha kwa hasira. Nilimwambia yeye ndiye asiyejua maana ya wakati. Nilimwambia juu ya chai, juu ya maombi yanayowapitia ng'ombe wote, juu ya magari yanayoniacha. Nilimwambia msimamizi alikuwa amenionya mara ya mwisho, na kwamba nikichelewa tena nitakuwa sina kazi. Mwenye hoteli alipunguza redio, nadhani ili asikie vizuri. Mama alinielekezea uso wake, lakini macho yakiwa yametua mahali fulani juu ya bega langu.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilikuambia kila siku."

"Ulikuwa unalalamika. Kulalamika sio kuambia mtu. Kwetu watu wanalalamika juu ya mvua na hawataki iache. Mimi sioni uso yako. Nilijua umekasirika, sikujua ni nini." Akasukuma sahani yake kando. "Sasa niambie. Unasomea nini, na ukimaliza unataka kuwa nani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo, hata Enos, aliyenipenda na kunilipia usajili bila kuuliza. Nilimweleza. Mwanzoni nilieleza kwa ukali, halafu sikuweza kuendelea na ukali kwa sababu alisikiliza kama alivyofanya mambo mengine yote, kana kwamba ndilo jambo la pekee siku hiyo. Aliuliza mkaguzi wa hesabu ni mtu wa namna gani. Aliuliza kama ni kazi ya uaminifu. Maharagwe yalipoa yakashika utando. Gari la Kitengela liliita abiria, likajaa, likaondoka, na kwa mara ya kwanza mwaka ule niliona gari likiniacha nami sikuinuka.

Asubuhi iliyofuata nilipotoka kuoga, chai ilikuwa imemiminwa na kupoa kiasi cha kunyweka. Mama alisimama mlangoni. "Bwana, anatoka, enda naye, amina," akasema, akanisukuma nje kwa mkono mgongoni. Ng'ombe na serikali aliwaombea baada ya mimi kuondoka.

Na Jumamosi niliposikia nyimbo zikikaribia, nikaanza kukusanya vitabu vyangu ili nihamie kitandani, Mama aliniambia nibaki mezani. Alichukua thermosi na vikombe kwenye beseni, akatoka. Alikaa nje ya lango la ploti, juu ya mtungi wa plastiki uliogeuzwa, na akina mama wa kanisa walipofika hawakupita. Dirisha letu lilikuwa upande huo, nikasikia yote.

"Mama Rasoa, leo tunakaa nje kama mawatchman?" Mama Keziah aliuliza.

"Leo ni hapa. Ndani kuna mtu anafanya kazi ya Mungu."

"Anaomba?"

"Anafanya hesabu."

"Na hesabu ni kazi ya Mungu?"

"Si ni yeye alimpa hiyo akili? Ulitaka aifanyie nini? Shika kikombe."

Nadhani nilipaswa kulia, lakini nilikuwa na mizania ya kulinganisha, kwa hivyo nililinganisha. Walikaa pale nje Jumamosi nyingi, mavumbi ya barabara yakiwapita. Siku za mvua walihamia chini ya mabati ya bucha lililokuwa karibu, wakaimba huko. Mama Keziah alinuna mwanzoni, kisha akawa ndiye anayeleta viti. Sitaki mtu adhani Mama aligeuka malaika. Alinilinda dhidi ya kanisa zima, lakini hakunilinda dhidi yake mwenyewe. Kila baada ya muda mfupi alinyanyuka, akapapasa ukuta mpaka dirishani, akaniuliza, "Njeri, umefika wapi?" Nikimwambia ukurasa gani, alirudi kuwatangazia wenzake. Nilisaga meno mpaka mashavu yakauma.

Nilifaulu karatasi ile ilipokuja tena. Vijana wa kanisani kwetu sasa huniita mara kwa mara niwafundishe juu ya matumizi ya wakati, kwa sababu mimi ni mkaguzi wa hesabu, nakaribia hamsini, na inajulikana kwamba sichelewi. Hukaa mbele yangu na simu zao wakitaka niwape mpango wa siku. Nawapa. Lakini najua kwamba nilichojifunza mwaka ule si mpango. Nilikuwa nikidhani Mkristo mvumilivu ni yule anayengoja, na Mkristo mwenye bidii ni yule anayekimbia, na kwamba Mama ni wa aina moja nami wa nyingine. Yeye alijua kila mtu ana siku zake za kungoja na siku zake za kwenda, na kwamba si haki kumlazimisha mwingine akae kwenye zako, wala wewe kukaa kwenye zake ili uonekane mwema. Ningependa angeniambia mapema, kabla ya magari yote yale. Hilo bado linaniudhi.

Upasuaji ulikuja wakati ambapo sote tulikuwa tumeacha kuuzungumzia. Waliita, tukaenda, pampu ilikuwa ikifanya kazi, daktari alikuwa kijana mchangamfu aliyeshangaa kwa nini mama huyu amechelewa kuletwa, na nikamtazama Enos, na Enos akaniomba kwa macho ninyamaze. Walifanya jicho moja kwanza. Asubuhi yake tulirudi kutoka nyumba ya wageni tulikolala, tukamkuta ameketi kwenye benchi la korido ile ya kijani, muuguzi akimfungua bandeji. Enos alikuwa amebaki nje akiegesha gari aliloazima. Nilisimama mbele ya Mama peke yangu.

Alipepesa. Chozi lilimtoka kwenye jicho jipya likashuka. Aliitazama mikono yake, pande zote mbili, akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwani, bila haraka yoyote.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

Aliijua sauti. Kinywa chake kilifunguka. "Njeri? Njeri ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona wewe ni mtoto?" Alimgeukia muuguzi kana kwamba amebadilishiwa mtu. "Vile huyu alikuwa anaongea kwa nyumba, mwaka mzima, nimechelewa, nimechelewa, siku zinaisha, mimi nilidhani Enos ameoa mtu wa rika yangu." Akanyoosha mkono, akanishika shavu, safari hii akiona anachokishika. "Kumbe uko na wakati mwingi hivi. Nani alikuwa amekuambia umeisha?"

Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimechoka kama mtu aliyemaliza kulea, na hapo ndipo mtu wa kwanza aliponiambia kwamba nilikuwa bado mdogo.